Ujerumani au Uholanzi, kwa Mtu Mmoja

Baba Bupe,

Wali na maharage vimo kwenye friji, pasha tu. Mchukue Bupe shuleni saa tisa. Bado anakohoa, dawa iko juu ya kabati.

Asubuhi uliponiita nitazame hesabu zako za kuhamia Ulaya, nilifurahi, nikadhani tunahama Marekani wote. Ujerumani mshahara mzuri ila kodi inauma. Uholanzi kodi afadhali, lakini nyumba hazishikiki. Ndipo nikakuuliza, "Mbona pango ni la chumba kimoja, na makato ni ya mtu asiye na mke?"

Ukasema, "Nitatangulia."

"Na sisi tutafuata lini?"

Ukainuka kwenda kuosha kikombe, na chai ilikuwa bado imo.

Bupe alisikia yote. Kwenye gari akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama huko Ulaya watoto hawaruhusiwi. Nikaongeza sauti ya redio.

~~Nikirudi tuongee.~~ Usinisubiri. Nimeomba zamu mbili kwa wazee ninaowatunza kule Wheaton, kwa sababu sina nguvu ya kukuuliza tena. Ukishachagua nchi, mwambie Bupe wewe mwenyewe. Mimi nimeshindwa.

Mama Bupe