Kifungo cha Koti la Muuaji

Mdogo wangu Enid,

Hapo Brighton mvua imekatika? Filamu yetu ya wauaji haina hela, mpaka muuaji anavaa koti la mume wangu, shemeji yako Stanley. Mimi kazi yangu kuhakikisha nguo hazibadiliki toka siku hadi siku. Ijumaa tulipiga picha koti likiwa halina kifungo cha tatu. Stanley akaondoka nalo, eti kikazi, Leeds. Jumatatu likarudi na kifungo.

Mwongozaji akafoka, "Mavis! Nani kakishona? Umetuharibia picha!"

Nikasema ni mimi. Lakini uzi ulizungushwa mara saba, mafundo mawili, kama marehemu mama alivyotufundisha sisi wawili tu.

Picha haikitaki, nimekikata. Kimo humu kwenye bahasha. Stanley akija tena, mshonee.

Dada yako,
Mavis