Viazi vya Kijani

Jumatatu, 3 Juni
Jalidi tena, umande umeganda barafu usiku. Mahindi ndiyo basi. Miezi minane shambani, yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu, na leo asubuhi majani yote ni meusi. Mbegu tulitoka nayo bondeni. Kule miezi minne unavuna, huku juu baridi inayabana tu. Hakuna aliyetuambia – wala hatukuuliza. Mume wangu (nikikasirika namwita Bwana Shamba) kasimama katikati ya mistari mpaka saa nne, mikono mfukoni.

Jumatano, 5 Juni
Maharage yamechemka tangu asubuhi mpaka jioni. Bado magumu! Maji ya huku yanachemka kabla hayajapata moto wa maana. Kuni zimekwisha. Nikamwambia mume wangu tushuke kwa kaka yake, tuombe walau debe la unga. Hataki. Aliapa mbele ya ukoo mzima: mwaka mmoja tutakula tunacholima, tutanunua chumvi tu. Bado miezi minne. Mama mkwe akauliza kama na kiapo nacho kinachemshwa siku nzima. Nilicheka peke yangu.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe anakonda. Anasema ameshiba, anamsukumia mwanawe sahani. Uongo mtupu, tumbo lake nalisikia linavyonguruma. Na chumba cha nyuma kuna trei tatu za viazi vya mbegu, vimewekwa dirishani vichipue. Mume wangu anavigeuza kila siku kama mayai. Mwezi ujao vinapandwa. Marufuku kuvigusa.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeiba. Mume wangu alipokwenda kuchota maji nilitoa viazi kadhaa, nikavisogeza vilivyobaki pengo lisionekane. Vilikuwa vya kijani kwa kukaa kwenye mwanga. Nikadhani ni ganda tu. Nilivichemsha na maganda yake, katika njaa hii nani anatupa ganda? Nilionja kimoja. Kichungu. Vingine vyote nikamwachia mama mkwe, akala mpaka cha mwisho.

"Mwanangu," akasema, "hili libaki letu wawili."

Miaka sita nimeolewa, leo ndiyo mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jumapili, 16 Juni
Anatapika tangu alfajiri. Anaharisha. Maneno yanaanza kumchanganyikia, mara mbili ameniita kwa jina la dada yake. Hapo ndipo nilipokumbuka ule uchungu mdomoni. Ni viazi, kumbe ule ukijani ni sumu. Ni mimi.

Mume wangu alipiga magoti kando ya kitanda. Mama, umekula nini? Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Uyoga," akasema. "Niliuokota msituni."

Na akanikazia macho, ninyamaze. Nikanyamaza! Anajua mwanawe angenifukuza. Basi ananikingia kifua, hali yenyewe ndiyo hiyo.

Mume wangu kaondoka mbio kwenda zahanati. Atamwambia muuguzi uyoga, na muuguzi atatoa dawa ya uyoga. Kushuka ni mwendo wa saa mbili, kupanda saa tatu. Akirudi na dawa siyo, hakuna safari ya pili.

Nimekaa dirishani. Mkono wangu mmoja umeushika wa mama mkwe, wa baridi. Ananitazama, anatikisa kichwa: usiseme.

Mume wangu namwona bado, amefika kona ya kwanza. Nikipiga kelele sasa atasikia; akifika ya pili, hatasikia tena.

Amefika ya pili.