Mama Alikuwa Anabonyeza Tu

Pokea simu basi! Haya, nakuandikia hapahapa koridoni kwa daktari wa macho.

Mama amekuwa akitudanganya. Mama yangu mzazi! Kile kipimo cha kubonyeza kila ukiona nukta ya mwanga, miaka miwili anabonyeza tu, pembeni haoni kitu!

Leo daktari kapiga picha ya neva ya jicho, kumbe imekonda mno, haiendani kabisa na majibu mazuri ya kipimo. Akasema presha ya macho ikiua seli ya neva, iliyokufa inamwaga kemikali inaitwa glutameti, nayo inaiua ya jirani. Moja inaua nyingine, hivyohivyo.

"Tunajaribu dawa ya kuzikinga, lakini lazima ziwepo seli hai za kukinga. Tungejua mapema..."

Mapema! Kila miezi mitatu tuko hapa! Mapema!

Nikamgeukia, "Mama, kwa nini?" Fundi cherehani mzima, ananijibu kwa sauti ndogo: "Mashine ina mwendo wake, nikaushika kama wa cherehani. Ulikuwa unafurahi sana nikifaulu."

Kweli. Kila mara nilimpigia makofi. Mimi!

Sasa nimekaa ubavuni pake, machozi yananichuruzika, naye ananiuliza mbona nimenyamaza.