Sanduku ya shangazi Françoise imesema

Mubi, tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa kaka Nizeyimana,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Afya iko namna gani huko Liège? Kifua kimepona? Sisi huku tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Papa alirudi juzi kutoka Masisi na mufuko wa maharagi mapya, na goti haimuumi tena.

Sasa habari ya ile kompyuta ndogo uliyotuma ya kumusomea shangazi Françoise. Unajua tangu macho yake yazime aliacha kufundisha katekisimu kule Kibua. Niliiweka ndani ya sanduku ya mbao, nikaunga amplificateur ya kukuza sauti na bafle ya kuitoa, nikawasha. Kimya. Siku tatu, kimya. Nilibadilisha bafle, nikachomelea upya waya zote. Shangazi akaniambia kwa simu, «Acha tu, mutoto yangu. Mimi nimeshazoea.» Kaka, heri angenigombeza.

Njo nikachukua karatasi, nikachora njia yote ya sauti: kutoka kompyuta mpaka chipu ya sauti, kutoka chipu mpaka amplificateur, halafu bafle. Kisha nikafungua fichier, faili ile inayoelezea pilote, ile programu inayoendesha sauti, kila waya imeungwa wapi. Mara moja nikaona. Wewe ulikuwa unajaribu na ekuteri za masikio huko kwako, ukaandika kwamba sauti inatokea kwenye tundu ya ekuteri! Na waya ya kuamusha amplificateur haikuandikwa hata kidogo. Pilote ilikuwa inatuma sauti mahali hakuna kitu. Sikukasirika, nilicheka peke yangu dukani kwangu mpaka Mama Dorothée, jirani yangu wa duka, akakuja kuangalia.

Nilisahihisha mistari miwili tu, nikawasha tena. Sauti ikatoka wazi kabisa.

Jumamosi asubui nilipanda moto, ile pikipiki, na sanduku mpaka Kibua. Shangazi alipapasa sanduku, akapata kibonyezo, akabonyeza. Ikaanza kusoma Injili ya Luka. Alisikiliza, mukono juu ya kifua. Nilifikiri atalia. Kumbe aligeuka kwangu na sauti yake ile ya darasani: «Muhawenimana, hii kitu inasoma mbio sana! Ipunguze, watoto hawataweza kuifuata.»

Nikapunguza.

Papa, Mama Drocella na dada Aurélie wanakusalimia sana. Mungu akulinde kazini na njiani.

Ni mimi dada yako, nakupenda sana,
Muhawenimana