Mguu Uliofunzwa Kwenye Vigae

Fundi Mutiso,

Karakana yako hapa Kitengela imepakwa rangi nyeupe. Pale ulikuwa unakoroga plasta sasa kuna vigae, na vijana watatu wa kompyuta ambao hawajawahi kushika tupa. Wanatengeneza mguu bandia wenye akili bandia. Ubandia juu ya ubandia, ungesema, ucheke mpaka ukohoe, halafu uniambie nifunge mlango.

Mimi bado niko. Niliwadharau tangu siku ya kwanza lakini nikabaki, kwa hivyo usinisifu. Walitaka mtu wa mguu mmoja afundishe mashine yao kutembea, na mimi nilikuwa karibu, nimevaa huu mguu ulionitengenezea kabla hujanifunza kazi. Wakanifunga nyaya pajani. Wiki mbili nzima nilienda na kurudi kwa vigae kama mbuzi wa kamba. Mashine ikajua, wakakata keki.

Mguu wa kwanza wakampa Mzee Parsimei wa Kajiado, yule uliahidi kumtengenezea kabla ugonjwa haujakuchukua. Alitaka kitu kimoja tu, kurudi kuchunga. Wanawe walikuwa wamemwambia akae nyumbani na watoto, na hiyo ndiyo ilikuwa inammaliza. Kwa vigae alitembea vizuri. Wakampiga picha.

Siku ya tatu huko malishoni alifanya vile amefanya tangu utotoni. Akaegemea fimbo, akainua mguu mzima, akauweka kwa goti la ule bandia, akatulia kuangalia ng'ombe wake. Ule mguu wenye akili haukuwa umewahi kuona mtu akisimama hivyo. Ukadhani anataka kiti. Ukakunja goti. Alianguka mbele ya wanawe, Fundi, mdomo ukajaa vumbi.

Injinia mkubwa, yule anavaa shanga za Kimaasai mkononi, akasema mzee anasimama vibaya. Vibaya! Nilimwangalia tu, na shanga zake.

Lakini ngoja nikwambie inayoniuma. Mguu ule ulitembea kama mimi. Mimi ndiye niliufundisha. Wewe kila mteja, kabla ya kuchukua kipimo, ulimuuliza, "Unasimama aje?" Nimewaambia watu nilidhani ilikuwa salamu yako tu. Uongo. Nilijua si salamu. Nilinyamaza kwa sababu walikuwa wananiita mtaalamu.

Jumamosi nilibeba lile goti lako la zamani, lile la komeo, lisilokunjika mpaka ulifungue, nikaenda Kajiado. Nikamuuliza mzee anasimama aje. Aliniangalia kwa dharau, na nilistahili, akanyoosha mkono nimpe fimbo. Nikamfunga goti, nikabana komeo. Akainua mguu mzima. Nilikuwa nimeshika mshipi wake kwa nyuma bila yeye kujua. Goti halikutingika.

Akitembea nalo anachechemea, sikufichi. Lakini ng'ombe walipita wote, yeye amesimama vile vile, wanawe wakimwangalia. Niliachilia mshipi.

Nakukosa sana, Fundi. Pumzika. Jumatatu vijana watanikuta hapa. Kabla hawajanifunga hata waya mmoja, nitaegemea fimbo katikati ya vigae vyao, nisimame kwa huu mguu wako, na sitashusha ule mzima mpaka mmoja wao aulize swali lako.

Mwanafunzi wako,
Naserian