Mashine Yao Imekosea Saa Nzima, na Mimi Nimenyamaza

Mpendwa mshauri Bi Itidal,

Nina miaka sabini na sita, nimeishi kuliko teleksi, nimeishi kuliko faksi, nimezika madaktari wawili walionikataza sigara, nimewaona wakurugenzi watano wakiingia kwenye jengo letu la mtaa wa Luwaibda na masanduku ya vitabu na wakitoka na masanduku yaleyale hayajafunguliwa, na lifti mbili zimekufa nikiwa ndani yake, zenyewe zikauzwa vyuma chakavu na mimi nikapanda ngazi. Kwa hiyo usidhani anayekuomba msaada leo ni mtu wa kutishwa na kitu kidogo. Lakini naomba msaada.

Hapa Amman naitwa Abu Mikdadi, mimi ndiye ninayepika kahawa ghorofa ya tatu, kwenye ofisi ya vijana wanaotengeneza programu za simu, na shule nilikwenda miaka minne tu, lakini kwa miaka sita hakuna programu iliyotoka mlango ule bila kupita kwenye kidole changu hiki. Sizidishi. Ilianza siku mkubwa wao, Mhandisi Luai, aliponipa simu nikiwa na sinia mkononi.

"Ami, hebu bonyeza hapa uagize gari."

"Gari la nani?"

"La uongo, Ami. Wewe bonyeza tu."

Nikabonyeza, gari halikutokea, nikabonyeza tena kama mtu yeyote mwenye haraka, yakatokea magari mawili kisha programu ikafa. Luai akashika kichwa, akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia nimefanya alichoniambia, mara mbili. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya ofisi, toleo jipya likiwa tayari analetewa Ami kwenye sinki, Ami analibonyeza kwa kidole chenye maji, analiacha katikati aende kumimina chai ya majani ya maramia, anarudi, anaandika jina nusu, anajuta, anarudi nyuma, na lisipokufa mikononi mwa Ami ndipo linakwenda kwa watu. Niliyaua matoleo arobaini na moja, niliyahesabu kwa mistari ya kalamu kwenye ukuta nyuma ya birika, na ukuta huo wameupaka rangi mwezi wa nane.

Wameupaka rangi kwa sababu walitaka kutundika taa ya Roboti.

Roboti, Bi Itidal, ni mashine ambayo haina mwili. Aliileta mtaalamu wa kukodi, kijana wa suruali fupi, niliyemjua ni mtu wa aina gani pale alipokataa kahawa yangu na kuniomba maji ya moto matupu. Akawaonyesha ukutani kwamba Roboti anafanya majaribio mia tatu na kumi kwa dakika sita, haumwi, hafungi Ramadhani, hasahau, na akimaliza bila kosa taa inawaka kijani na toleo linakwenda lenyewe kwenye simu za watu, bila mtu kuamka kwenye kiti. Vijana wakapiga makofi. Na kweli dakika sita ni dakika sita, mimi toleo moja lilinichukua asubuhi nzima na pakiti nusu ya sigara, siwezi kusema uongo. Lakini Roboti hamuulizi mtu kama leo ni siku njema ya kutoa kitu, hata iwe Alhamisi mchana, wiki ya kazi imekwisha, kila mmoja ameshavaa koti, yeye kijani amekiona, kazi kwisha. Na taa hiyo, mvua ikinyesha, inawaka nyekundu bila sababu. Siku ya kwanza niliacha birika nikakimbia kwa Sirini, yule binti aliyekabidhiwa mashine, nikamwambia taa nyekundu, akasema bila kugeuka, "Usijali Ami, hiyo huwa inawaka tu, tunaibonyeza inaanza upya." Yaani wamenunua taa ya hatari kwa bei ya gari, kisha wakajifundisha kutoiangalia. Ndio wasomi wetu hao.

Kisha wakaniaga. Waliagiza sinia la kunafa, ile tamutamu ya jibini, Luai akasimama akasema, "Leo Ami wetu anastaafu kupima, sasa atapumzika na kahawa yake," wakanipa cheti chenye utepe kama mtoto aliyemaliza chekechea. Nikakila kipande changu cha kunafa. Cheti nimekifunikia debe la sukari, kinazuia sisimizi vizuri.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Toleo la sasa ni la magari ya kuwachukua wagonjwa wa figo nyumbani kwao na kuwapeleka hospitali kusafishwa damu. Wagonjwa sitini na watatu, mmoja wao dada yangu Shafika. Zamani walipiga simu kwa mama mmoja na daftari lake, kuanzia Jumapili hii wataagiza kwa programu. Wiki mbili zilizopita, kwa mazoea tu, hakuna aliyeniomba, nikaagiza gari la saa moja asubuhi kwa simu yangu mwenyewe, ile ya zamani. Skrini ya dereva, ile wanayojaribia, ilikuwa imelazwa karibu na sinki, nikaitupia jicho. Imeandikwa saa mbili.

Nikarudia. Saa mbili. Nikarudia mara saba, maana mimi si mtu wa kubahatisha.

Na sababu nimeijua peke yangu, bila mtaalamu. Unakumbuka serikali ilipofuta ile desturi ya kurudisha saa nyuma kwa saa moja msimu wa baridi. Simu mpya ziliambiwa, simu za zamani hazikuambiwa, kila ukifika mwisho wa Oktoba zinarudi nyuma zenyewe, na sisi wenye nazo tunazisogeza mbele kwa kidole, zinaonyesha sawa na saa ya ukutani lakini ndani ya matumbo yao bado zinaamini mambo ya zamani. Ukiziambia saa moja, madereva kule wanasikia saa mbili. Simu za Roboti ziko sita, zimepangwa rafuni kama meno ya bandia, zote mpya. Na wagonjwa wana simu gani? Nani anampa mama yake mgonjwa simu mpya? Tunawapa zilizotushinda.

Mtu atasimama barabarani saa moja, na baridi ya mwezi huu, gari litakuja saa mbili, na kule hospitali zamu haisogezwi, ukichelewa saa nzima unakatwa saa nzima ya kusafishwa.

Na mimi nimenyamaza, Bi Itidal. Wiki mbili. Shafika nimemwambia asiguse hiyo programu, ampigie yule mama wa daftari kama zamani, kwa hiyo wangu yuko salama. Wengine sijawaambia. Kwa sababu nikisema, najua kitakachotokea, Sirini atasema ahsante Ami, ataandika kwenye kompyuta yake, Roboti atakuwa na majaribio mia tatu na kumi na moja, na mimi nitarudi kuosha vikombe nikiwa nimempa hata hicho kimoja nilichobaki nacho. Nikinyamaza, Jumapili dunia nzima itajua ni nani aliyekuwa akipima na ni nani aliyekuwa akiwasha taa. Ushauri wako nini, ila usiniambie ninyenyekee, hilo nimeshaambiwa na marehemu mke wangu miaka thelathini na nane na halikushika.

Jina langu liandike lote, mimi si mtu wa kujificha, ila hayo ya saa usiyachape mpaka Jumapili ipite. Na ukiona nimejisifu, waulize wanaonijua: dada yangu Shafika, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha, bawabu wetu Shahata, aliyeniona nikitoka kwenye lifti zote mbili, na Abu Zuheri wa falafeli hapo chini, ambaye hata mizani yake nilimpimia mimi nikaikuta ina kosa.

Abu Mikdadi, ghorofa ya tatu

BI ITIDAL ANAJIBU

Abu Mikdadi, jina lako nimeliandika lote kama ulivyotaka, na hayo ya saa nimeyachapa kama usivyotaka. Gazeti hili linatoka Alhamisi, na Abu Zuheri wako anafungia falafeli ndani yake, kwa hiyo kufika adhuhuri Mhandisi Luai atakuwa anasoma habari zako zenye madoa ya mafuta. Kwamba watajua, hilo limekwisha. Kilichobaki ni kama watajua kutoka kwako au kutoka kwenye karatasi ya chakula.

Kwanza nikupe haki yako, maana una haki. Kumpokonya mtu kazi aliyoifanya kwa fahari miaka sita, kisha kumpa kunafa na utepe, na kupaka rangi juu ya mistari yake arobaini na moja, ni utovu wa adabu, na hakuna mashine iliyowatuma. Ningekuwa mimi, na mimi ningekifunikia sukari.

Sasa keti.

Mashine yao ni nzuri. Nakuambia hivyo mapema ili uumie mara moja tumalize. Nina mpwa anayefanya kazi hiyohiyo, nimemsomea barua yako, akacheka mpaka nikamkasirikia, kisha akanieleza. Yale magari mawili uliyoyaita kwa kubonyeza mara mbili, Roboti anayajaribu kila siku, pamoja na mengine mia tatu, hata siku uliyolala na homa, hata siku utakayokuwa umewafuata wale madaktari wawili. Wewe ungeweza kuyarudia yote arobaini na moja kila toleo? Usinijibu, najua utasema ndiyo. Huwezi. Mwanadamu akishaona kosa mara tatu analichoka, mashine hailichoki.

Lakini kukumbuka ndiyo kazi yake yote. Haijui kumshuku mtu, haina dada mgonjwa, haina simu iliyomshinda mtu mwingine. Inajaribu ilichoambiwa, kwenye simu ilizopewa, kisha inawasha kijani, na watu wanadhani kijani maana yake hakuna kosa, kumbe maana yake hakuna kosa tulilolifikiria. Hilo ulilijua kwenye sinki, kwa miaka minne ya shule, na wao wamelipia semina. Kwa hilo nakuvulia kofia, nikiwa nayo.

Na umelifanyia nini? Umelificha ndani ya aproni wiki mbili. Umepata wagonjwa sitini na watatu, ukamtoa mmoja wa kwenu, ukawaacha sitini na wawili barabarani wakushuhudie ushindi wako. Unaogopa eti Roboti atajifunza jambo moja kutoka kwako. Basi ajifunze. Hiyo ndiyo mistari yako ya ukutani, safari hii mahali ambapo fundi wa rangi hafiki. Na wewe utatafuta la mia tatu na kumi na mbili, kwa sababu yeye hawezi kulitafuta.

Utafanya hivi. Alhamisi hii hutawasha jiko kwanza. Utakwenda mezani kwa Sirini, si kwa Luai, Sirini, kwa sababu ndiye atakayelirekebisha, utamwekea simu yako mbele na skrini ya dereva kando yake, utaagiza saa moja, na hutasema neno. Ataona mwenyewe. Akishaona, utamwachia simu hiyo ikae rafuni na yale meno mapya, na akupe nyingine ya kuongelea. Halafu ndipo uzungumze na Luai, na masharti yako yawe machache: toleo lisitoke lenyewe bila kidole cha mtu aliyekubali, wala lisitoke Alhamisi, taa ya mvua itengenezwe au ing'olewe, maana taa ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na taa, na kila Jumatano ulibonyeze toleo la wiki hiyo kabla halijatoka, jina lako likiwa kwenye orodha ya kazi na si kwenye cheti. Akikataa, niandikie. Mhandisi Luai, kama unasoma, futa mafuta kwanza, kisha usikatae.

Sasa mashahidi wako. Jumanne nilimpigia Shafika. Alikuwa ametoka kusafishwa, sauti ya chini. Nikamsomea barua yote. Nilipomaliza akauliza, "Bibi we, ni mimi peke yangu niliyeonywa? Na Umm Wadihi anayelala kitanda cha jirani, ambaye simu yake nilimpa mimi, ya Abu Mikdadi ya zamani zaidi?"

Nikamwambia wewe peke yako.

Akasema, "Basi mwambie kaka yangu kwamba yule mama wa daftari simpigii. Jumapili nitabonyeza kama wenzangu, na saa moja nitakuwa barabarani, na kiti cha kungojea nitabeba mwenyewe."

Mashahidi wengine wawili sikuona haja ya kuwapigia.