Kicheche na Uzi wa Miguu

Naryn, 9 Januari

Kaka Taalai,
Salamu kutoka kwenye barafu. Mama mzima, farasi wazima, nami sijambo. Huko ujenzini Kazan wanakupa chakula cha kushiba?

Nimeanza ile nyongeza ya mchezo wetu wa kompyuta. Kicheche sasa ana mtoto mgongoni! Haruki juu kama zamani, na mvua ikiwakuta nje ya shimo, wamekwisha wote wawili. Nimeanguka naye darajani mara nyingi mpaka mama akauliza namtukana nani. Raha tupu!

Mdogo wako, Begaiym

Kazan, 20 Januari

Mdogo wangu,
Mimi mzima, jengo letu linapanda. Bado waanguka tu? Ulipoanza kutembea ulifungwa miguu kwa uzi mweusi na mweupe, kama mila yetu, mshindi wa mbio aukate. Niliwashinda watoto wote mbio, nikaukata mimi, ili upate miguu yangu. Usiniaibishe! Chagua kiwango rahisi.

Kaka yako mwenye mbio

Naryn, 2 Februari

Kaka,
Hatujambo. Kiwango rahisi kampe nyanya, naye atakataa. Daraja nimelivuka! Unamrusha mtoto kwanza, kisha unaruka mwenyewe. Wewe usingeweza.

Mdogo wako

Naryn, 1 Machi

Kaka, mbona kimya?

Mdogo wako

Kazan, 14 Machi

Begaiym,
Nilianguka kutoka juu ya jengo. Mguu umeungwa kwa chuma. Daktari ataka nijifunze kutembea upya. Najaribu, naanguka, wodi nzima inatazama. Nimeacha. Mama asijue, na habari za mchezo usiniletee.

Taalai

Naryn, 25 Machi

Kaka,
Afya yako sasa naijua, siulizi. Mama nimemwambia, njoo unichape, kwa miguu yako. Mwishoni hukuandika "kaka". Sikubali.

Humu bahashani mna uzi wa sufu ya kondoo wetu, nimeusokota mwenyewe. Ufunge miguuni, wagonjwa washindane, mshindi aukate. Kisha inuka, uanguke tena. Kicheche ameanguka kukushinda, na hajasema ameacha. Nimeusimamisha mchezo mbele ya daraja jingine: mtoto yuko mgongoni, mawingu yametanda. Siendelei mpaka usimame.

Mdogo wako

Kazan, 19 Aprili

Mdogo wangu,
Salamu zako zimefika, na uzi pia. Wodi hii haina mwenye mbio. Ameshinda mzee Gennadi wa magongo mawili, tena kwa kumzuia mwenzake na gongo moja. Ndiye aliyeukata, basi nimepata miguu yake: mibovu, na mijanja. Leo nimeanguka mlangoni. Wakacheka, nikawatukana, nikasimama.

Mvushe mtoto.

Kaka yako